Firigisi

Ngazi kumi na tisa, nimezihesabu kwa goti la kushoto,
juu ya duka la misumari, nyuma ya stesheni ya reli.
Kisumu, Ijumaa. Mvua imepita bila kuaga.
Mlangoni taa ya karatasi nyekundu,
na wadudu wa ziwani wameizunguka
kama wateja wasio na pesa.

Kadenyi amenishika kiwiko. "Mama, ni baa tu."
Baa tu! Mimi niliyejua pombe
kwa harufu yake, wodi ya wanaume, saa nane za usiku.

Kwanza waliniletea taulo.
Jeupe, limekunjwa, linafuka mvuke.
Nililiweka usoni nikasahau kulitoa.
Miezi minne nilimkanda Agufana kwa taulo kama hili,
mgongo, makwapa, kati ya vidole vya miguu,
maji yakipoa kabla sijafika magotini.
Hakuna aliyewahi kuniambia:
nawe kaa, lete mikono yako.

Nyuma ya kaunta, mzee Hamaguchi.
Alikuja Ahero kwa kazi ya mpunga, nasikia;
mkataba ukaisha, yeye hakuisha.
Anachonga barafu kwa kisu, polepole,
kama mtu anayemenya viazi vya mgeni,
hadi ikawa mviringo, ikalala kwenye bilauri,
na wiski ikashuka juu yake
rangi ya strungi ya mwisho wa mwezi.

Nikaonja. Moshi. Kisha asali. Kisha
kitu kama benchi la kanisa lililonyeshewa.
"Vipi?"
Inaunguza vizuri, nikasema, kuliko dawa ya kifua.

Chakula kilikuja kidogo kidogo,
kwenye visahani vya watoto kuchezea:
omena waliovikwa unga mwembamba, ndimu pembeni,
soya changa ndani ya maganda,
mbuta mbichi, mbichi kabisa. Niliitazama,
nayo ikanitazama, tukaachana kwa heshima.

Kwenye makaa, Odoyo, kijana wa Nyakach,
anapunga upepeo juu ya mishikaki
myembamba kama sindano za kufumia:
ngozi, mbawa, ini, moyo.
Kisha akaweka mbele yangu vipande vinne
vinavyong'aa.
"Firigisi, mama."

Nikageuka nyuma, kumtafuta mwenyewe.

Nimepika kuku tangu nikiwa na miaka tisa.
Nimeipasua, nimebandua ile ngozi ya njano kwa ukucha,
nimeiosha changarawe, nimeiweka
juu kabisa ya bakuli, ionekane:
ya baba, ya kaka, ya baba mkwe,
ya Agufana, miaka thelathini na minane.
Nikiwa na mimba ya Kadenyi niliitamani
hadi nikalia jikoni, nikasingizia moshi.
Na ile siku yake ya mwisho kula,
alitafuna robo, akashindwa,
akanisukumia sahani.
Nikampa paka. Hata hapo,
nikampa paka dume.

Odoyo anangoja, upepeo hewani.
"Ni ya nani?" nikamuuliza.
"Ya meza ya tatu."

Nikala.
Ilikataa kidogo, kisha ikakubali.
Chumvi, makaa, mkwaruzo kama ulimi wa ndama.
Sitakudanganya: ni tamu,
lakini si tamu ya kutungiwa sheria.
"Ndiyo hii tu?" nikasema,
na Kadenyi akacheka hadi akapaliwa.
Nikaagiza nyingine.

Rafuni kuna chupa zenye vibandiko shingoni,
za wateja, zinawangoja warudi.
Yetu haikuisha. Mzee akachukua kalamu.
"Jina?"
Sokoni ni Mama Kadenyi. Wodini nilikuwa Sista.
Kanisani, mjane wa Agufana.
"Kageha," nikasema.
Akaandika Kagehe.
Sikumsahihisha.

Ngazi zile zile kushuka, kitenge kinanuka makaa,
kipande kimenikwama nyuma ya gego.
Kadenyi akanipa kijiti.
Nikakitia mfukoni. Kesho, nikamwambia.